Matanuri Yasiyo na Majina

Mwezi Juni uwanda wa juu wa Ufipa hupigwa na baridi ambayo mkazi wa Dar es Salaam haamini kuwa ni ya Tanzania hii hii. Katika baridi hiyo, baada ya kumaliza shughuli ya matanga iliyonirudisha nyumbani Sumbawanga, mjomba wangu alinichukua hadi upande wa Nkansi kunionyesha kitu ambacho, kwa aibu yangu, nilikuwa nimekisoma vitabuni bila kukiona kwa macho. Tuliacha gari barabarani, tukakata shamba la mahindi yaliyokwisha kukauka, tukafika kwenye ilungu.

Ni mnara wa udongo, mrefu kuliko mimi, umebomoka upande mmoja, na chini umezungukwa na matundu. Nyasi zimeota kwenye ufa wake. Pembeni, ukifukua kidogo kwa kiatu, unakutana na mavi ya chuma, meusi na mazito.

“Mjomba, hili lilijengwa na nani?” nikauliza.

“Na wazee.”

“Wazee gani?”

“Waliojua, mpwa wangu. Majina yao hatukuachiwa. Tumeachiwa hili.”

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya namna hiyo, malungu, bila kuvukuta. Urefu wa tanuri wenyewe ndio uliovuta hewa kupitia yale matundu ya chini, ukaupandisha moto unaokula makaa na mawe ya chuma. Kilichopatikana humo kilihamishiwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililotumia mivukuto, kikasafishwa. Ndipo mhunzi akapata cha kufulia jembe na shoka. Baadaye majembe ya dukani yakaingia, na moto ukazimika. Profesa Bertram Mapunda, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995 ilihusu ufuaji chuma wa Ufipa, ametuonyesha kwamba uwanda huu na mwambao wake wa Tanganyika haukuwa na mbinu moja tu: zilikuwapo malungu, zilikuwapo katukutu, ikawapo ya Barongo. Namshukuru. Lakini hata uchunguzi wake hauwezi kuturudishia jina la fundi aliyelisimamisha tanuri nililoegemea siku ile.

Nisingeandika makala haya kama jibu la mjomba lisingenikumbusha kijana mmoja niliyemdhulumu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa mmoja wa wajumbe watatu waliosikiliza utetezi wa mradi wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kijana huyo, mzaliwa wa mkoa wetu wa Rukwa, alikuwa amegundua kwamba programu huria moja inayojibu maswali ya majina ya intaneti haikufuata sentensi moja ya waraka wa kiwango. Hakuishia kulalamika. Aliandika marekebisho, akayatuma kwa watunzaji wa programu hiyo, akabishana nao kwa wiki kadhaa, wakamrudishia mara mbili, na mwishowe wakayapokea. Yakasambazwa pamoja na toleo lililofuata, yakaingia katika kompyuta za watu ambao hawatamjua kamwe.

Jopo lilimwuliza: “Umechapisha wapi?” Akafungua kompyuta yake, akatuonyesha orodha ya mabadiliko ya programu, na jina lake limo. Mwenzangu mmoja akasema huo ni ufundi, si utafiti. Mwingine akakubali. Mimi nilijua kwamba wamekosea, nami nikatikisa kichwa kuafiki, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na kulikuwa na wanafunzi wengine wanne wakingoja nje. Tukampa alama ya wastani.

Kosa letu lile si la chuo kimoja. Lina ndugu yake mkubwa mahali ambapo intaneti yenyewe hutungwa, na ningependa tulitazame huko kwanza kabla ya kurudi nyumbani.

Itifaki ni mapatano ya jinsi kompyuta zinavyozungumza: nani aanze, aseme nini, ajibiwe vipi, na mambo yakiharibika ifanyike nini. Mapatano hayo huandikwa katika nyaraka ziitwazo RFC. Ya kwanza iliandikwa Aprili 1969 na Steve Crocker, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Tangu Januari 1986 kuna jumuiya ya wahandisi iitwayo IETF ambamo nyaraka hizo hujadiliwa. Haina wanachama wanaolipa kiingilio, na haipigi kura. Mwaka 1992 David Clark aliwaambia wenzake wa jumuiya hiyo kwamba wao hawakubali wafalme, marais wala kura. Wanachokiamini ni makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Maneno hayo yamekuwa kama katiba yao isiyoandikwa.

Kwa nini programu inayofanya kazi ipewe hadhi hiyo? Kwa sababu maandishi hudanganya bila kukusudia. Watu wawili wenye akili timamu husoma sentensi moja na kuielewa kwa namna mbili, na kila mmoja akaapa kwamba iko wazi. Tofauti yao haionekani hadi kila mmoja aandike programu yake, kisha programu hizo zikutanishwe na zishindwe kuelewana. Hapo ndipo hugundulika kwamba sentensi ina ufa. Mwaka 1996 IETF iliweka kanuni, katika RFC 2026, kwamba waraka hauwezi kupanda daraja bila kuwapo angalau tekelezo mbili zilizoandikwa na watu tofauti na zikaelewana. Mwaka 2011 madaraja yalipunguzwa kutoka matatu hadi mawili, lakini sharti la tekelezo mbili likabaki kwa daraja la juu. Kwa daraja la kwanza, ambako nyaraka nyingi huishia maisha yake yote, kwa kawaida tekelezo halidaiwi.

Na programu ikiwa huria, yaani kila mtu anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa, faida huongezeka maradufu. Kampuni ikikuambia kwamba imetekeleza itifaki ndani ya bidhaa yake iliyofungwa, utapaswa kuliamini neno lake. Programu huria unaifungua na kujionea mwenyewe sentensi ya waraka ilivyogeuzwa kuwa kazi.

Sasa tazama nani anakumbukwa. Mfumo wa majina ya intaneti, ule unaogeuza jina tunaloliandika kuwa namba ambayo kompyuta huielewa, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Anaheshimiwa dunia nzima, na anastahili. Lakini programu iliyoufikisha mfumo huo mikononi mwa watu wengi, BIND, iliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Douglas Terry, Mark Painter, David Riggle na Songnian Zhou. Nimefundisha somo la mitandao kwa miaka mingi. Jina la Mockapetris limo katika maelezo yangu ya darasani tangu mwaka wa kwanza. Majina ya hao wanne niliyaingiza mwaka huu.

Mfano wa pili uko nyumbani. Mwenye duka wa Sumbawanga akitaka tovuti yenye jina linaloishia na .co.tz, huliomba kwa msajili, na kompyuta ya msajili huzungumza na kompyuta ya taasisi inayosimamia majina ya .tz. Huuliza: jina hili liko wazi? Kama liko wazi, liandikishe. Mwaka ukiisha, lihuishe. Mwenyewe akitaka kuhamia kwa msajili mwingine, lihamishe, ila atoe kwanza neno la siri. Mapatano ya mazungumzo ya namna hiyo yanaitwa EPP, na yamo katika RFC 5730 ya Agosti 2009, yenye mwandishi mmoja, Scott Hollenbeck. Programu iliyochukuliwa Tanzania kwa kazi hiyo ni FRED, programu huria iliyoandikwa na CZ.NIC, taasisi inayosimamia majina ya Jamhuri ya Czech, nayo ikagawiwa kwa yeyote aihitaye. Malawi iliichukua pia. Hivi ndivyo nchi isiyo tajiri inavyopata nafasi ya kujisimamia katika jambo nyeti: mtu fulani mbali sana alisoma waraka, akaugeuza kuwa programu, akaacha mlango wazi. Ukisoma RFC 5730 utapata jina la mwandishi na anwani yake. Waliotupa FRED hutawapata humo.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba IETF hawajaiona kasoro hii. Julai 2013 Yaron Sheffer na Adrian Farrel walitoa RFC 6982, wakapendekeza kama jaribio kwamba kila rasimu ya itifaki iwe na sehemu inayoeleza hali ya utekelezaji: nani ameitekeleza, programu inaitwaje, imekomaa kiasi gani, imegusa sehemu zipi za itifaki, iko chini ya leseni gani, waandishi wake wamejifunza nini, na wanapatikana wapi. Julai 2016 jaribio likawa desturi rasmi iliyopendekezwa, katika RFC 7942. Shabaha yake ni njema na ya kiutendaji: wanaojadili rasimu waweze kuipa uzito zaidi ile ambayo mtu amekwisha kuihangaikia kwa mikono yake. Kipengele cha leseni nacho humwezesha msomaji kujua papo hapo kama tekelezo ni huria.

Lakini kuna sharti moja. Siku rasimu inapoiva na kuwa RFC, sehemu hiyo huondolewa. Mhariri huelekezwa waziwazi aifute kabla ya kuchapisha. Waliotekeleza hukaribishwa jikoni wakati chakula kinapikwa, na meza ikiandaliwa hawamo.

Sababu inayotolewa ina mantiki, nami sitaki kuidharau. RFC haibadilishwi ikishachapishwa. Programu hubadilika kila mwezi, nyingine hufa. Orodha ya programu iliyogandishwa mwaka 2016 ingempotosha anayeisoma mwaka 2036. Waandishi wa RFC 7942 wenyewe wanashauri taarifa hizo zihamishiwe mahali zinapoweza kuhuishwa, na rasimu za zamani hubaki katika hifadhi kwa atakayetaka kuzichimbua.

Hata hivyo nina swali moja. Kwa kawaida RFC humalizika kwa anwani za waandishi: mwajiri, mji, barua pepe. Hizo nazo huchakaa. Waandishi hubadili kazi, hustaafu, hufariki, kampuni huuzwa. Hakuna aliyependekeza tuzifute eti zitampotosha msomaji, kwa kuwa sote tunaelewa kwamba zinasema nani alikuwapo siku ile, wala hazidai kuwa bado yupo. Kwa nini basi uchakavu uwe hoja dhidi ya aliyetekeleza tu? Mstari mmoja ungetosha: wakati waraka huu unachapishwa, ulikuwa umetekelezwa na programu hizi, na makosa haya ya maandishi yaligunduliwa na watu hawa. Huo ungekuwa ushahidi wa kihistoria, na ushahidi wa kihistoria hauozi.

Kuna atakayesema kwamba mafundi hawatafuti sifa. Labda. Lakini asiyetambuliwa kazi yake ikiwa nzima hutambuliwa ikivunjika, na hilo si haki wala si salama. Februari 2012 ilichapishwa RFC 6520, nyongeza ndogo katika itifaki inayolinda mazungumzo ya siri mtandaoni. Maandishi yake yalikuwa sahihi: yalisema kwamba ujumbe unaodai kuwa na urefu kuliko ulionao utupwe kimya kimya. OpenSSL, programu huria iliyobeba sehemu kubwa ya usalama wa tovuti za dunia, iliitekeleza nyongeza hiyo bila kuhakiki urefu huo. Kwa miaka miwili hakuna aliyeona. Aprili 2014 kasoro ikatangazwa kwa jina la Heartbleed, na ulimwengu ukashtuka kugundua kwamba programu inayotegemewa na mabenki na serikali ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zilianza kutafutwa baada ya moto kuwaka. Kama kazi ile ingekuwa na mahali pake panapoonekana, huenda mtu angeuliza mapema: hawa wanaotubeba ni wangapi, na wanakula nini?

Wapo jirani zetu walioingia jikoni bila kungoja mwaliko. Machi 2018, IETF ilipokutana London, kundi la hackers.mu lilishiriki likiwa kwao Mauritius katika hakathoni, ule mkutano wa kuandika programu unaotangulia vikao. Walifanya kazi ya kuziingizia programu huria toleo jipya la itifaki ya usalama, TLS 1.3, miezi mitano kabla haijachapishwa rasmi Agosti mwaka huo. Mmoja wa kundi hilo, Loganaden Velvindron, ana jina lake juu ya RFC 8270 ya Desemba 2017 na RFC 8758 ya Aprili 2020, zote zikihusu kuimarisha itifaki ya SSH. Kisiwa chenye watu wasiofikia milioni moja na nusu kimeonyesha kwamba mlango wa programu unaweza kukufikisha kwenye mlango wa waraka. Sisi tuna watu zaidi ya milioni sitini. Kinachotuzuia nini?

Jibu langu moja ni hili: tunazuiwa na mizani yetu wenyewe. Katika vyuo ninavyovifahamu, mhadhiri hupanda cheo kwa makala katika majarida, na mwanafunzi hupimwa kwa ripoti iliyofungwa vizuri. Anayetumia miezi sita kurekebisha programu inayotumiwa na mamilioni huonekana kama mtu aliyepoteza miezi sita. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili tangu kwenye menyu hadi kwenye ujumbe wa makosa. Mtu alikaa akachagua, neno kwa neno, namna ya kumwambia Mtanzania “hifadhi”, “futa” na “bandika”. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu kama wamewahi kuisikia. Mikono inayoinuka huhesabika kwa vidole, na mara nyingine haiinuki hata mmoja. Na tatizo hili halikuletwa na mkoloni wala IETF. Tumelijenga wenyewe, kwa fomu zetu za kupandisha vyeo.

Nitapingwa kwamba programu ni vigumu kuipima. Sioni ugumu huo. Makala hupimwa na wasomaji wawili au watatu ambao mwandishi hawajui. Marekebisho ya programu huria hupimwa na watunzaji ambao mwandishi hawajui, hadharani, na mabishano yao yanabaki yakisomeka. Tunahitaji kuuliza mambo matatu tu. Je, kazi ilipokewa na watu wasio na sababu ya kumpendelea? Je, inaelewana na tekelezo la mtu mwingine? Je, imefichua jambo ambalo maandishi yalikuwa hayajalisema vizuri? Kijana wa Rukwa aliyesimama mbele yetu angejibu ndiyo mara tatu. Ni makala ngapi zetu zilizotupandisha vyeo zingestahimili maswali hayo?

Mwezi uliopita nilimwandikia kijana huyo. Nilimwambia kwamba niliijua thamani ya kazi yake siku ile na nikanyamaza, na kwamba namwomba radhi. Alinijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili: “Shikamoo Mwalimu. Nilishasamehe zamani. Ila wadogo zangu wanaokuja, tafadhali.” Hakuongeza neno.

Kwa ajili ya hao wadogo zake nimewasilisha katika idara yetu pendekezo la ukurasa mmoja: mchango uliopokewa katika programu huria ukubalike kama kazi ya utafiti, kwa mwanafunzi na kwa mhadhiri, ukipimwa kwa maswali yale matatu. Nimependekeza pia kwamba katika somo la mitandao, kila waraka wa itifaki tunaoufundisha uambatane na jina la angalau programu huria moja inayoutekeleza na majina ya walioianzisha, pale yanapojulikana.

Majina ya waliojenga malungu hatutayapata tena. Yalipotea kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuyaandika. Sisi mahali tunapo, na wino tunao, na bado tunafuta. Pendekezo liko mezani na litajadiliwa muhula ujao. Wenzangu mnaosoma hapa na wenye sauti katika mabaraza ya vyuo vyenu, liungeni mkono au lipingeni kwa hoja. Msilinyamazie tu, kama nilivyonyamaza mimi jioni ile.